Mbegu za Waridi kwa Kiangazi cha Simiyu

Mche wa waridi ukiuona ndani ya kiriba cheusi kwenye kitalu cha kando ya barabara, iwe Bariadi mjini, Shinyanga au Mwanza, kwa kawaida mche huo haukuota. Ulikatwa. Ni kipande cha tawi la mwaridi mwingine, ambao nao ulikatwa kwa mwenzake, na huyo kwa mwenzake, mpaka mwisho wa safari unakuta mche mmoja tu uliotoka kwenye mbegu, bustanini kwa mtu ambaye huenda hakuwahi kusikia jina la Simiyu. Miwaridi yote ya aina moja, popote ilipo duniani, ni mti mmoja uliogawanywa vipande. Mnunuzi hulifurahia jambo hilo kwa kuwa anaijua rangi kabla ya kutoa pesa yake. Lakini jambo hilohilo ndilo linaloeleza kwa nini mwaridi wa kununua huweza kuchanua vizuri msimu wa kwanza, ukapukutisha majani msimu wa pili, na wa tatu ukabaki vijiti vyenye miiba. Haukuchaguliwa kwa ajili ya hapa. Anayetaka waridi la kudumu katika mkoa huu, kwa hoja ninayoitetea, aache kuhangaika na mbolea na dawa peke yake. Apande mbegu, zile zilizochavushwa na nyuki bila mkono wa mtu, kisha awe na moyo wa kung'oa sehemu kubwa ya kitakachoota.

Tuanze na hapa penyewe. Simiyu, mkoa uliomegwa mwaka 2012 kutoka Shinyanga na sehemu ya Mwanza, hupata mvua kuanzia Oktoba au Novemba. Mvua hulegea Januari na Februari, hurudi Machi, na ikifika Juni imekwisha. Kuanzia hapo mpaka Septemba mmea usiomwagiliwa unajitegemea. Udongo nao hauna sura moja. Juu mwinukoni kuna luseni, mchanga unaopitisha maji kama chujio. Chini bondeni kuna mbuga, udongo mweusi unaonata viatuni masika na kupasuka kiangazi hadi mguu wa ndama unaingia. Katikati kuna itogolo, mgumu, usiopenda kunywa wala kuachia maji. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi kituo cha Amani huko Usambara, aliona katika miaka ya 1930 kwamba udongo wa nchi hizi za Afrika Mashariki hujipanga kwa mfuatano uleule kila unaposhuka kilima, akaupa mfuatano huo jina la Kilatini lenye maana ya mnyororo, catena, ambalo wataalamu wa udongo duniani wanalitumia mpaka leo. Wasukuma walikuwa na jina la kila pete ya mnyororo huo. Kwa hiyo mtu akisema kuna waridi linalofaa Simiyu, swali la kwanza ni la Msukuma: linafaa luseni au mbuga?

Waridi la kununua halijawahi kuulizwa swali hilo. Mawaridi ya biashara ya ukanda huu yanalimwa zaidi Naivasha nchini Kenya, karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na kwa hapa kwetu pembezoni mwa Arusha na Kilimanjaro, chini ya paa la nailoni, kwa maji ya matone na ratiba ya kupulizia dawa. Aina zinazopandwa huko zilichaguliwa kwa urefu wa bua, kwa idadi ya siku ambazo ua litakaa kwenye chombo mezani, na kwa uvumilivu wa safari ya ndege. Sifa hizo ni za kweli na zimelipia karo za watoto wengi. Ila zitazame vizuri: hakuna hata moja inayohusu mti wenyewe kuishi nje. Mmea uliopuliziwa dawa ya ukungu tangu uchanga haujawahi kuonyesha kama una kinga ya madoa meusi au hauna, kwa sababu hakuna aliyeupa nafasi ya kuugua. Ukitoka pale ukaletwa kwenye ua wa nyumba Maswa au Lamadi, ndiyo kwanza mtihani unaanza, na mtahiniwa ni mtu mzima.

Sasa litazame tunda. Ua la mwaridi likichavushwa, petali hudondoka na kile kifundo kilicho chini yake huanza kunenepa. Miezi mitatu hadi minne baadaye kifundo kinageuka rangi, mara nyingi chungwa au nyekundu, na kikibonyezwa kinalegea kidogo. Watunza bustani wengi hawajawahi kuliona tunda hilo kwa sababu wanakata maua yaliyonyauka ili mti uchanue tena, na ni ushauri mzuri kwa anayetaka maua tu. Lipasue kwa kisu. Ndani kuna nywele fupi, ngumu, zinazowasha vidole, na katikati ya nywele hizo zimebanana mbegu za rangi ya kahawia hafifu zenye pembe pembe, pengine tatu, pengine zaidi ya ishirini. Kila moja ni mtoto wa mama yuleyule, lakini hakuna mbili zilizorithi kitu kilekile. Mama anajulikana, baba ni chavua yoyote ambayo nyuki alikuwa ameibeba asubuhi ile, au ya ua lenyewe. Huo ndio uchavushaji huria, neno ambalo wakulima wa mahindi wanalijua kutoka kwa maafisa ugani. Tofauti ni kwamba mbegu ya mahindi ya uchavushaji huria hutoa mahindi yanayofanana na ya mwaka jana. Mbegu ya waridi haiwezi, kwa kuwa waridi la kisasa ni chotara la chotara, na ukipanda mbegu zake thelathini utapata wageni thelathini.

Ugeni huo ndio mali. Mwanzoni mwa karne ya 19, kisiwa cha Bourbon, ambacho leo kinaitwa Réunion, kule kusini ya Bahari yetu ya Hindi, kilikuwa na desturi ya kuzungushia mashamba wigo wa miwaridi ya aina mbili: waridi la Dameski linalochanua mara mbili kwa mwaka, na waridi la China linalochanua karibu wakati wote. Hakuna aliyekusudia kuzichanganya. Zilikuwa wigo tu, kama sisi tunavyopanda minyaa. Ndani ya wigo huo ukaonekana mche usiofanana na upande wowote, na Nicolas Bréon, mtaalamu wa mimea aliyefika kisiwani mwaka 1817, akatambua alichokuwa anakiangalia. Mwaka 1819 mbegu zikapelekwa Ufaransa kwa Jacques, mkuu wa bustani za Duke wa Orleans, ambaye alizipanda na kuchagua. Ukoo mzima wa mawaridi ya Bourbon ukatoka hapo, na damu yake imo katika mawaridi ya kisasa mpaka leo. Mtu anaweza kusema hiyo ilikuwa bahati. Ilikuwa bahati, ndiyo, lakini bahati ya aina hiyo inahitaji vitu viwili: matunda yaachwe yakomae, na awepo mtu wa kutazama kilichoota badala ya kukipalilia.

Mfano wenye uzito zaidi kwetu hautoki kwenye maua kabisa. Unatoka kwenye muhogo, zao ambalo, kama waridi, hupandwa kwa kipande cha shina, kizazi baada ya kizazi. Ugonjwa wa batobato ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1894, na Mjerumani Warburg, kutokana na mimea ya Usambara. Mkulima akikata pingili za shina lenye batobato anapanda ugonjwa pamoja na muhogo, na asipobadilisha mbegu anaendelea kuurithisha. Kuanzia miaka ya 1930 watafiti wa Amani, Storey na mwenzake Nichols, waliiendea njia ya mbegu halisi, ile inayotoka ndani ya tunda la muhogo na ambayo haibebi virusi vya batobato. Muhogo wenyewe haukuwa na kinga ya kutosha, wakauchanganya na jamaa yake, mpira wa Ceara, kisha wakaurudisha kwa muhogo kizazi baada ya kizazi, wakipanda miche na kuitupa ile inayougua. Mmojawapo wa watoto waliobaki ulipewa namba 5318/34. Mwaka 1956 mbegu zake zilipelekwa Nigeria, na kati ya miche iliyoota huko ukachaguliwa mmoja ulioitwa 58308. Haukuwa na mazao makubwa. Lakini kinga yake ilirithiwa, na kuanzia miaka ya 1970 taasisi ya kilimo cha kitropiki ya IITA kule Ibadan iliutumia kama mzazi wa aina zilizosambaa sehemu kubwa ya Afrika. Mti dhaifu shambani, mzazi mzuri kitaluni: anayechambua miche ya waridi aukumbuke huo kabla ya kung'oa mche wenye ua baya na majani safi.

Na mkulima wa pamba wa Simiyu, mkoa unaoongoza nchini kwa zao hilo, anaishi na ushahidi huu kila msimu bila kuuita ushahidi. Pamba za zamani zenye majani laini ziliteketezwa na jasidi, wadudu wadogo wa kijani wanaofyonza jani mpaka kingo zake zinakunjamana na kuwa nyekundu. Dawa haikuwa ya kupulizia. Ilikuwa nywele. Kule Barberton, Afrika Kusini, mtafiti Parnell alichagua kutoka pamba yenye asili ya Uganda mstari ulioitwa U4, wenye majani ya manyoya ambayo jasidi hayapendi, na kazi ya Ukiriguru, kituo kilicho jirani yetu hapo Misungwi, ikajengwa juu ya ukoo huo. Herufi UK zilizo kwenye majina kama UK91 na UKM08 zinatokana na Ukiriguru. Watu walipanda, wakatazama jani kwa jani, wakang'oa. Kama pamba ilitafutiwa jani la kuishi na wadudu wa Kanda ya Ziwa, sioni kwa nini waridi liachwe na jani la Ulaya.

Hapo mtu wa bustani atanijibu kwamba miche mingi ya mbegu haina maana. Ni kweli, na asiyekubali hilo mapema asianze. Mingi itatoa ua jembamba la petali tano, rangi iliyofifia, au haitachanua vizuri kabisa; sehemu ya mbegu haitaota, na ugonjwa wa kinyausi utachukua mingine ikiwa na majani mawili. Makampuni makubwa ya Ulaya hupanda miche makumi ya maelfu kila mwaka ili yabaki na aina chache za kuuza. Lakini kampuni inatafuta ua litakaloshindana sokoni. Mtu wa Bariadi anatafuta mti usiokufa mwezi wa Agosti, na wenye ua la kupendeza macho yake mwenyewe. Kipimo chake ni kingine na idadi anayohitaji ni ndogo zaidi. Halafu muda si mrefu kama unavyodhaniwa. Kuchanua mara kwa mara ni tabia ya mawaridi ya China, na ni tabia iliyofichika, yaani mche huionyesha pale tu unapoirithi kwa baba na kwa mama. Ukichuma matunda kwenye bustani yenye miwaridi ya kuchanua mwaka mzima pekee, watoto karibu wote watakuwa hivyo, na mche wa namna hiyo hutoa ua lake la kwanza wiki sita hadi kumi tu baada ya kuota, ukiwa mfupi kuliko kalamu. Ua hilo la kwanza ni dogo na halisemi kweli yote, ila rangi utaijua.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kama mama ni dhaifu na jirani zake ni dhaifu, nyuki atatengeneza nini isipokuwa udhaifu mpya? Hapa lazima nikubali nusu ya hoja. Amani wenyewe walikwama ndani ya muhogo mpaka walipoingiza mpira. Alister Clark, aliyetengeneza mawaridi kwa ajili ya joto la Australia na kutoa Lorraine Lee mwaka 1924, alitumia damu ya waridi-mwitu la Asia, Rosa gigantea. Viraraghavan wa India naye amelitumia hilohilo kwa ajili ya nchi za joto. Afrika ya kitropiki ina waridi-mwitu moja tu la asili, Rosa abyssinica, lenye ua jeupe, linaloota Ethiopia na jirani zake, wala halipo kwetu. Kwa hiyo uchavushaji huria hauokoi bustani yenye wazazi wabovu tu. Kinachookoa ni kuchagua mama, na mama wapo. Wapo kwenye misheni za zamani, kwenye shule, mbele ya nyumba ambazo mwenye nyumba amehama na mwaridi umebaki. Mwaridi uliopita viangazi kumi bila mtu wa kuumwagilia umefaulu mtihani ambao hakuna kituo cha utafiti kilichouandaa. Jina lake halijulikani, ua lake pengine ni la kawaida sana, na ndio unaostahili kuachiwa matunda. Epuka tu maua yaliyojaa petali mpaka katikati: nyingi ya petali hizo ni stameni zilizogeuka, na nyuki akifika hapati njia.

Kuna pingamizi la maji, nalo halijibiwi kwa mzaha katika mkoa ambao kinamama wanaamka alfajiri na ndoo. Kupanga mradi mkubwa wa kuleta maji ya Ziwa Victoria Simiyu, uliopata fedha za mfuko wa kimataifa wa tabianchi mwaka 2017, kulitokana na ukweli huo. Mtu akiniambia ndoo ya maji ni ya mchicha kwanza, namwunga mkono. Lakini pingamizi hilo linaangukia zaidi mwaridi wa kununua, unaodai maji kila siku kwa kuwa ulilelewa kwa maji ya kila siku. Miche hamsini ya mbegu katika viriba vidogo hutosha chini ya kivuli kimoja cha mwembe, na maji ya kuoshea mboga yanaitosha. Ikishahamishiwa ardhini, kunyimwa maji ndiko kuchambua kwenyewe. Anayemwagilia miche yake yote kwa huruma hadi Septemba hajachagua chochote. Ameahirisha vifo tu. Wanaosema maua si chakula nao wana haki yao, ingawa Waswahili wa pwani wamekuwa wakinyunyizia wageni mawardi kwa mrashi, na kule Jebel Akhdar nchini Oman kuna wakulima wa milimani wanaokeneka maji ya waridi kila msimu wa machipuo na kuyauza.

Wapo watakaouliza kwa nini wasikate tu vipandikizi vya ule mwaridi wa misheni usiokufa. Wakate. Kipandikizi na mbegu si maadui: mbegu hutafuta, kipandikizi husambaza kilichopatikana. Kasoro inaanza pale mji mzima unapokuwa na vipandikizi vya mti mmoja, kwani ukungu ukijifunza kuuingia mmoja umejifunza kuiingia yote. Kisheria pia mbegu ina nafasi nzuri. Tanzania ina sheria ya mwaka 2012 inayolinda haki za wagunduzi wa aina mpya za mimea, na mwaka 2015 ilijiunga na UPOV, umoja wa kimataifa wa haki hizo. Kuzalisha vipandikizi vya aina iliyosajiliwa na kuviuza bila ruhusa ni kosa, lakini mfumo huo unaruhusu kutumia aina hiyo kama mzazi wa kupata aina nyingine.

Kalenda ya Simiyu inalingana na kazi hii kuliko ya Ulaya. Maua ya Machi na Aprili, nyuki wakiwa kazini, huachwa kwenye mti bila kukatwa. Matunda hukomaa Julai na Agosti. Mbegu huoshwa nyama ya tunda ikaisha, kwa kuwa nyama hiyo na ganda huzuia kuota, kisha hufungwa ndani ya kitambaa au mchanga wenye unyevu kidogo na kuwekwa kwenye friji, rafu ya chini, si kwenye barafu, kwa wiki sita hadi kumi na mbili. Baridi hiyo ndiyo kitu pekee ambacho Simiyu haina cha kuipa waridi, na friji ya soda ya dukani inatosha. Oktoba, mawingu yakianza kujikusanya upande wa ziwa, mbegu hupandwa kina cha sentimita moja kwenye mchanga uliochanganywa na samadi iliyooza sana. Huota kwa kuchelewa na bila mpango, mmoja leo, watatu baada ya wiki, mwingine utakapokuwa umekata tamaa. Kufikia Januari baadhi zimechanua, na wageni wataanza kuomba ile yenye ua zuri. Wasipewe bado. Machi miche ihamishiwe ardhini, nusu luseni na nusu mbuga kama mtu ana kiwanja cha mteremko, na isipuliziwe dawa yoyote. Masika madoa meusi yatapita na kuacha uchi ile isiyo na kinga. Juni maji yakatwe. Kisha mwezi wa Septemba, majani ya mwembe yakiwa na vumbi na ardhi ya mbuga imefunguka nyufa, mtu azunguke asubuhi na vipande vya kanga kuukuu, na mche wowote ambao bado una majani ya kijani kwenye matawi ya chini aufunge kitambaa.